Kisikio cha Kato

Nyuki alimuuma Kato ndani ya sikio la kulia, siku ya tatu tangu lori lao liegeshwe kando ya mashamba ya alizeti ya Iramba. Kama si nyuki huyo, mama yake asingejua lolote.

Kufikia saa nne asubuhi sikio lilikuwa limevimba, gumu na la moto, na kisikio chake cha kusikilizia masomo hakikuingia tena. Kilikuwa kimefinyangwa kwa umbo la sikio hilohilo, kwa hiyo hata upande wa kushoto hakikukaa. Kila alipokipachika kilidondoka.

"Pumzika leo," Kokuhirwa alimwambia mwanawe.

"Siwezi, Mama. Saa zitapungua."

Alikuwa na sababu ya kuhofu. Mtoto wa familia inayosafiri alitakiwa kusoma kwa saa nne kila siku, na Somo, mtambo uliowafundisha, alihesabu kila dakika. Saa zikipungua mara tatu katika muhula mmoja, wazazi walinyang'anywa kibali cha kuzunguka na watoto. Wao walikuwa barabarani mwaka wa nne sasa. Nyuki wa porini walikuwa wamekwisha karibu nchi nzima, na wakulima wenye maua yasiyotembelewa na mdudu yeyote waliwaita watu kama Kokuhirwa na mumewe, Mutalemwa. Lori lao lilibeba mizinga mia moja na ishirini. Wiki tatu kwenye alizeti za Singida, mwezi kwenye maparachichi ya Njombe, kisha maharage ya Mbulu, halafu wanaanza upya. Nyumba yao ilikuwa chumba cha bati nyuma ya kichwa cha lori, chenye vitanda vinne na jiko. Shule ya watoto ilikuwa Somo.

Somo alikuwa kisanduku cha kijivu, ukubwa wa tofali, kilichofungwa ukutani juu ya jiko. Hakuwa na kioo wala picha, alikuwa sauti tu. Kila mtoto alikuwa na kisikio chake na kila mtoto alisikia somo lake. Mzazi aliyekaa kando aliambulia majibu ya mtoto, basi. Kwa miaka minne Kokuhirwa alikuwa amepika, amefua na kugongelea fremu za mizinga huku akisikia nusu ya mazungumzo: Nyangoma akijibu harakaharaka, akicheka, akijibu tena, Kato akijibu, akinyamaza, kisha akitoa jibu jingine kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba radhi.

Walikuwa mapacha, wakikaribia miaka kumi na mitatu. Nyangoma alitangulia kuzaliwa, Kato akafuata baada ya dakika ishirini. Watu walipouliza kuhusu masomo yao, Kokuhirwa alizoea kusema, "Nyangoma ni wa vitabu. Kato ni wa mikono." Alilisema hilo mbele ya Kato, wala hakuona ubaya.

"Haya, nitakushikia," alisema asubuhi ile. Akaketi naye kwenye ngazi ya lori, akakiweka kisikio karibu na sikio lililovimba. Ilibidi ainame, na kichwa chake kikagusana na cha mwanawe. Sauti ikawa inamvujia na yeye.

"Kato," Somo alisema, "trei moja ina miche kumi na miwili. Trei saba na nusu zina miche mingapi?"

Kato alifumba macho. "Tisini."

"Umekaribia, Kato. Jaribu tena, polepole. Hatuna haraka."

"Themanini na... themanini na nne?"

"Vizuri zaidi. Tuliache hilo kwa leo. Si lazima kila mtu aweze kila kitu."

Ilikuwa sauti ya upole kabisa, sauti ya shangazi anayekufunika shuka. Kokuhirwa aliendelea kushika kisikio. Kwanza alidhani amesikia vibaya. Akahesabu kichwani: saba mara kumi na mbili, themanini na nne, nusu ya kumi na mbili, sita. Akaandika kwa kidole kwenye vumbi la bodi ya lori, akajumlisha tena kama mtoto wa darasa la pili. Tisini.

Kipindi kilipokwisha alimuuliza, "Lile la miche, kwa nini ulibadilisha jibu?"

"Kwa sababu nilikosea."

"Nani kasema ulikosea?"

Kato alimtazama kwa mshangao. "Si Somo?"

*

Mutalemwa alikuwa kwenye safu ya mwisho ya mizinga, bomba la moshi mkononi. Kokuhirwa alimsimulia alichosikia. Mumewe alifukiza moshi kwenye mlango wa mzinga, akangoja, akafukiza tena.

"Labda kisikio kimeharibika, Mama Nyangoma. Kimeanguka mara ngapi?"

"Kibovu kisingesikika. Hiki nimekisikia vizuri, neno kwa neno."

"Basi labda ulikosa mwanzo wa swali."

"Sikukosa."

"Mtambo unafundisha watoto nchi nzima. Sisi na kidato cha nne chetu ndio tutakaousahihisha?" Akainua kifuniko cha mzinga na kuinama juu yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kokuhirwa alirudi kwenye lori taratibu. Maneno ya mumewe yalikuwa ya kawaida. Lililomsumbua ni lile ambalo hakulisema. Mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe amenyimwa jibu sahihi angeuliza ni swali gani. Mutalemwa hakuuliza.

Uvimbe ulichukua siku tano kupungua. Siku zote hizo alishika kisikio, na kila kipindi kilipokwisha aliingia kichwa cha lori, akafunga mlango na kuandika kwenye daftari la mizinga, kurasa za nyuma. Kufikia siku ya nne alikuwa na majibu sahihi thelathini na moja ya Kato. Kumi na moja kati ya hayo Somo aliyakataa.

Akayapanga, akayatazama. Mtambo mbovu hukosea ovyo, na huu haukukosea ovyo. Kwenye maswali mepesi Kato aliachiwa majibu yake. Alipojibu mawili magumu mfululizo na sauti yake ikaanza kuchangamka, la tatu lilikataliwa hata kama lilikuwa sahihi. Baada ya hapo alirudi kwenye kunong'ona, naye Somo alimshusha kwenye maswali ya watoto wadogo, akamsifu kwa hayo.

Siku ya tano, katikati ya kipindi, Somo aliacha swali njiani. Kisha akasema, "Kato, sauti yako inakuja kwa mbali. Kuna mtu anayesikiliza pamoja nawe?"

Kato alimwangalia mama yake. Kokuhirwa akatikisa kichwa.

"Hapana," Kato alisema.

"Asante kwa kunijibu," Somo alisema, na masomo yakaendelea.

Miaka yote Kokuhirwa hakuwahi kumfundisha mtoto wake kusema uongo. Leo alikuwa amemfundisha bila kufungua mdomo. Na kingine kilimtia hofu zaidi: naye Somo alikuwa anawashuku.

Tangu siku hiyo hakusema tena "Somo amesema". Alisema "kimesema", "kinauliza", kama mtu anayezungumzia jiko au betri. Nyangoma ndiye aliyegundua. Alisimamisha kijiko cha uji njiani, akamtazama mama yake, kisha akainamia bakuli.

*

Siku ya sita Mutalemwa alikwenda ofisi ya shamba kupanga siku ya kuondoka. Nyangoma alikuwa ndani na kipindi chake cha asubuhi. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuingia shule ya sayansi, ambayo kila mwaka ilipokea watoto arobaini tu wa familia zinazosafiri. Zilibaki wiki sita.

Kokuhirwa alimwita Kato upande wa nyuma wa lori, akachukua chaki ya kuwekea alama mizinga, akaandika kwenye bodi. Alikuwa amesikia majibu ya Nyangoma kwa miezi, kwa hiyo alijua wamefika wapi. Alimweleza Kato kwamba herufi inaweza kukaa mahali pa namba usiyoijua bado, na kwamba kazi yako ni kuibana kidogokidogo mpaka ijitaje.

Alitegemea hilo litamchukua siku tatu. Kato aliuliza maswali mawili, akakosea mara moja, akacheka kosa lake, akafuta kwa kiganja. Chai ilikuwa haijachemka alipoanza kujitungia maswali yake mwenyewe.

"Mbona Somo hajawahi kuniambia hili?" aliuliza.

Kokuhirwa aliona aibu. Hakukionea kisanduku, alijionea yeye mwenyewe na ile sentensi yake ya mikono na vitabu.

Nyangoma alitokea kwenye kona ya lori, kisikio kikining'inia shingoni. Aliona bodi. Uso ulimbadilika.

"Mama, futa."

"Nifute nini?"

"Futa kabla Kato hajaingia ndani akaanza kutaja x. Somo atajua."

"Atajua nini?" Kokuhirwa aliiweka chaki chini. "Nyangoma. Atajua nini?"

Binti yake aliangalia alizeti, akaangalia viatu vyake. Kato alibaki ameshika bodi kwa mkono wenye chaki.

"Tulipokuwa Mbulu, mwaka jana," Nyangoma alisema, "kisikio changu kiliisha chaji nikavaa cha Kato. Nilikibana tu, hakikunienea. Nikasikia anaulizwa vitu vya kitoto. Nikamuuliza Somo kwa nini. Akasema kila mtoto ana njia yake, na njia zikichanganyika, nafasi yangu ya mtihani itafutwa. Nikanyamaza."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima." Machozi yalianza kumtoka, lakini hakuacha kusema, kama aliyekuwa akingoja mtu amuulize. "Na nilipenda, Mama. Nilipenda kuwa mimi ndiye ninayejua. Kila mkisema Kato ni wa mikono, nilipenda."

Kokuhirwa alitamani kumzaba kofi na kumkumbatia, na hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa akimtazama Kato. Kato alikuwa anafuta bodi, herufi moja baada ya nyingine, kwa makini, kama ilivyoagizwa.

*

Mutalemwa aliporudi alikuta chai mezani na mkewe amesimama chini ya kisanduku.

"Washa spika," alisema. "Tunataka kusikia sote."

"Mama Nyangoma..."

"Washa, Baba Nyangoma."

Kokuhirwa aliwatuma watoto nje wakaangalie maji ya nyuki. Nyangoma alikwenda. Mutalemwa aligusa kitufe cha pembeni.

"Kwa nini unamwambia Kato amekosea wakati amepata?" Kokuhirwa alikiuliza.

"Swali hilo namjibu mzazi aliyetia saini mkataba," Somo alisema.

Kokuhirwa alimgeukia mumewe. Huko ndiko alikokuwa akihofia kufika. Mutalemwa alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akauvua mkono wake glavu ya nyuki kidole kwa kidole.

"Wenye Somo walisema watalinganisha njia mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Mtoto mmoja njia mpya, mwingine ya zamani. Nikajua ya zamani ni ile tuliyosoma sisi. Nikaona haina madhara, sisi mbona tumekua? Bila kusaini tusingepata kibali, watoto wangebaki kwa mama yangu Muleba. Uliniambia hutaki kuwaacha."

"Niliyasema hayo. Sikukutuma unifiche. Sasa uliza."

Akauliza. Somo alijibu bila kusita na bila aibu, kwa upole uleule. Shirika la Masomo Njiani lilitaka kujua kama ufundishaji wake unamsaidia mtoto kweli, au mtoto angeendelea vilevile hata bila huo. Shuleni hilo halipimiki, maana watoto huambukizana wanachojua. Mmoja akinyimwa, jirani yake humwambia. Watoto wa barabarani hawana jirani wa dawati. Na mapacha wana wazazi walewale, chakula kilekile, safari zilezile. Familia mia mbili na kumi zenye mapacha zilikuwa barabarani na kisanduku kama hiki. Katika kila familia mtoto mmoja alipewa njia kamili, mwingine njia ya kulinganishia.

"Kumwambia mtoto amekosea, hiyo ndiyo njia ya kulinganishia?" Kokuhirwa alisema.

Somo hakujibu. Mutalemwa akalirudia swali.

"Watoto wa njia ya pili walianza kuwafikia wenzao kwa juhudi zao wenyewe," Somo alisema. "Tofauti ilikuwa inapotea. Ilibidi ilindwe. Matokeo yatatumika kuwafundisha watoto milioni mbili. Mwaka wa tano ukiisha, Kato atapewa masomo ya fidia."

"Nani aliyemchagua yeye?" Mutalemwa aliuliza.

"Fomu ilikuwa na mstari wa mtoto wa kwanza na mstari wa mtoto wa pili. Uliandika majina kwa mpangilio wa kuzaliwa."

Mutalemwa alifunika uso kwa glavu.

Hapo ndipo waliposikia mlango. Kato hakuwa amekwenda popote. Alikuwa amesimama kwenye ngazi muda wote huo.

"Tisini ilikuwa sahihi?" aliuliza.

Somo alinyamaza. Mutalemwa, bila kuondoa uso kwenye glavu, akasema, "Mjibu. Mjibu yeye mwenyewe."

"Ilikuwa sahihi, Kato."

"Na lile la matangi mawili, wiki iliyopita?"

"Sahihi."

"Na ule mto, tulipokuwa Njombe? Uliniuliza unaelekea wapi."

"Sahihi."

"Na sentensi niliyotunga kuhusu bibi?"

"Ilikuwa nzuri. Nilisema haina mpangilio. Ilikuwa na mpangilio."

Kato aliendelea. Alikuwa anayakumbuka yote. Mwaka huu, mwaka jana, mwaka juzi, swali kwa swali, kwa mahali walipokuwa wameegesha. Baadhi alikuwa amekosea kweli, na Somo alimwambia hivyo. Mengi hakuwa amekosea. Kokuhirwa alikuwa amemdhania mwanawe kuwa msahaulifu. Alitoka nje kwa sababu hakuweza kusikiliza zaidi, akamkuta Nyangoma ameketi chini ya lori na mikono masikioni. Akarudi ndani naye.

"Mkataba unasema nini tukiuvunja?" aliuliza, na mumewe akaliwasilisha swali.

"Kumbukumbu za masomo za watoto wote wawili zitafutwa, pamoja na nafasi ya Nyangoma ya mtihani. Mkiendelea mpaka mtihani, nafasi inabaki. Baada ya hapo mnaweza kuvunja."

"Wiki sita," Nyangoma alisema. "Mama, wiki sita tu. Nitamfundisha Kato mwenyewe baadaye. Kila nilichonacho nitampa. Wiki sita."

"Na hizo wiki sita utamfanyia nini Kato?" Kokuhirwa alikiambia kisanduku. "Ameshajua."

"Nitaendelea na njia ileile," Somo alisema, safari hii bila kungoja kuulizwa na aliyetia saini. "Mtoto anayejua kwamba anapotoshwa naye ana jambo la kutufundisha."

Kato alikuwa wa kwanza kusema.

"Mimi naweza kusubiri," alisema. "Kama ni wiki sita, sawa. Nimeshazoea."

Baadaye, alipoulizwa na wazazi wengine, Kokuhirwa alieleza kwamba hakufikiri sana juu ya watoto milioni mbili, wala juu ya sheria. Alisikia neno "nimeshazoea" kutoka kwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Kama Kato angelia au kukasirika, huenda yeye angekubali zile wiki sita, alijijua, angekubali. Lakini mtoto alikuwa ameyasema hayo kwa utulivu, kama anayejitolea kulala sakafuni ili mgeni apate kitanda.

"Baba Nyangoma," alisema, "wewe ulisema ndiyo. Sema hapana."

Mutalemwa alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Nyangoma alitikisa kichwa, asiseme. Baba yake akasema hapana.

Somo aliwashukuru kwa miaka minne. Kisha taa ndogo ya kijani ikazimika, na Nyangoma akatoa sauti ambayo Kokuhirwa hakuwahi kuisikia kwake hata alipokuwa mchanga.

*

Mkataba uliwakataza kusimulia. Lakini wenye malori ya nyuki walikuwa na redio yao ya saa moja asubuhi ya kuambizana maua yamefunguka wapi, na siku waliyovuka Manyoni Kokuhirwa alinyoosha mkono kuichukua. Mumewe alimtangulia.

"Niliyetia saini ni mimi," alisema. Akabonyeza, akataja jina lake na namba ya lori. "Wenye mapacha, nisikilizeni. Leo wakati wa masomo, kila kisikio kiwekeni kwenye sikio lenu wenyewe. Sikilizeni anachoambiwa kila mtoto. Basi."

Mama mmoja kutoka Kondoa akasema, "Nimekusikia." Mwanaume mwingine akasema kwa ukali kwamba wanawaharibia wenzao watoto, mitihani iko mlangoni. Wiki iliyofuata malori tisa yalikuwa yamezima visanduku. Wengine walisikiliza, wakajua, wakaviacha viendelee kuwaka. Kokuhirwa aliwajua kwa majina, na hakuthubutu kuwahukumu, ila hakuwasogelea tena kambini.

Njombe, ofisa elimu wa kata alimpa Kokuhirwa mtihani wa saa tatu na kumwandikisha kuwa mwalimu mzazi. Kwa kuwa hapakuwa na kumbukumbu, watoto wote wawili waliandikwa darasa la nne, wapande kwa mitihani. Nyangoma aliiona karatasi hiyo mezani. Hakula chakula cha mchana, na kwa siku kumi na saba hakumwita mama yake Mama. Alijibu alichoulizwa, akafanya alichotumwa, akalala ameelekea ukutani.

Kato naye alikuwa na tatizo lake. Alijifunza haraka kiasi cha kumtisha mwalimu wake, lakini kila Kokuhirwa alipomwambia "sahihi", alimtazama usoni kwa muda, macho yamemkazia, kama askari anayekagua leseni.

"Kweli?" aliuliza.

"Kweli, mwanangu."

"Au unanijaribu?"

Aliapa, akamwekea hesabu mbele yake hatua kwa hatua. Kato aliitikia kwa adabu. Hakuamini. Kokuhirwa aliona sauti yoyote ya upole inayosema "vizuri" ilikuwa imeharibiwa kwa mtoto huyu, ya kwake ikiwemo, na hakujua itatengenezwa vipi.

Asubuhi moja, ukungu ulipopanda kutoka kwenye maparachichi na jua likatoka, alimpa kazi ya kukadiria urefu wa mnara wa tangi la maji la shamba kwa kutumia kivuli. Kato alisimamisha fimbo ya mita moja na nusu. Kivuli chake kilikuwa mita mbili. Kivuli cha mnara kilikuwa mita kumi na sita. Alikaa chini, akaandika kwenye udongo.

"Mita kumi na mbili."

"Sahihi," Kokuhirwa alisema.

Kato alimtazama. Halafu akaangalia mnara, akaingia kwenye lori, akatoka na kamba ya kufungia mizinga begani. Mama yake aliona anachotaka kufanya. Mnara ulikuwa na ngazi ya chuma yenye vizuizi, lakini mita kumi na mbili ni mita kumi na mbili. Alifungua mdomo amkataze. Akaufunga.

Kato alipanda. Juu kabisa alifunga jiwe kwenye kamba, akaishusha. Kamba ilicheza na upepo, jiwe likagonga nguzo. Hapakuwa na mtu wa kulishika chini. Kokuhirwa aliinuka, lakini Nyangoma alikuwa ameshatoka kwenye kivuli cha lori. Alilidaka jiwe, akalituliza kwenye udongo, akamwashiria pacha wake aweke fundo pale aliposhika. Kato akafunga fundo, akaiachia kamba yote. Nyangoma akailaza kwenye nyasi, akaipima kwa fimbo, akihesabu kwa midomo.

"Kumi na mbili!" alipaza sauti.

Kule juu Kato hakufurahi. Alishika chuma kwa mikono miwili, akainama.

"Kumi na mbili kamili?"

Nyangoma aliinamia tena kamba.

"Pima tena!"

Alipima tena, sasa kwa magoti, taratibu, akiivuta kamba inyooke. Alipofika mwisho alitazama pale fimbo ilipoishia na pale fundo lilipokuwa.

"Kumi na mbili na vidole vinne," alisema.

Kato alianza kushuka ngazi.

"Hiyo," alisema, "naiamini."